Wanataka nibadilishe betri nzima, lakini hawanionyeshi vipimo

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia nikiwa nimechoka, na nitajitahidi kueleza kila jambo kwa utaratibu ili unisaidie kuamua. Nina gari la umeme lenye umri wa miaka 10 hivi, nililolinunua likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na kwa muda mrefu limenihudumia bila taabu yoyote. Ninalipenda. Ni gari tulivu lisilo na moshi, na kuliendesha kunanigharimu kidogo kuliko gari lolote la mafuta nililowahi kuwa nalo.

Matatizo yalianza pale kipimo cha chaji kilipoacha kuaminika. Ninaweza kuwa barabarani huku dashibodi ikionyesha asilimia 35, kisha nikianza kupanda kilima namba inaporomoka ghafla hadi chini ya asilimia 10, taa ya onyo inawaka, na gari linajipunguzia nguvu lenyewe hata likawa linatambaa. Nikisimama kando kwa muda, namba inapanda tena. Mara ya kwanza nilipolipeleka kwenye gereji iliyoidhinishwa na kampuni iliyolitengeneza, dhamana ya betri ilikuwa bado haijaisha. Walilikagua, wakaandika kwenye karatasi ya kazi kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana, na mtu wa mapokezi akanieleza kwa mdomo kwamba hiyo ni hali ya kawaida ya gari linalozeeka.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda na kurudi. Safari hii naambiwa kwamba fundi mwenye ruhusa ya kugusa umeme mkubwa yuko likizo na hakuna mwingine. Safari ile naambiwa kwamba mashine ya kusoma kompyuta ya gari inasubiri programu mpya. Safari nyingine kipuri kimeagizwa, na hakuna anayejua kimefika wapi. Kila ninapokwenda ninatozwa upya ada ya ukaguzi, ingawa tatizo ninalolieleza ni lile lile. Katikati ya hayo limezuka jambo la pili: gari linakataa kuchaji nyumbani. Nikichomeka waya, taa inawaka kwa sekunde chache kisha inazimika, lakini nikienda kwenye kituo cha chaja ya kasi linapokea umeme vizuri kabisa.

Mara ya mwisho lilikaa gereji kwa majuma mengi. Nilipokwenda kulichukua halikuwaka, na walipoliamsha kwa kuunganisha betri ya nje, dashibodi ilijaa taa za onyo ambazo sijawahi kuziona: za breki, za usukani, za mfumo wa umeme. Meneja wa huduma akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba betri kubwa imekufa, kwamba taa zote hizo ni dalili za kifo hicho, na kwamba dawa pekee ni kuibadilisha nzima. Gharama aliyoitaja inazidi thamani ya gari lenyewe, na dhamana sasa imekwisha. Nilipomwomba anionyeshe vipimo vilivyomfikisha kwenye uamuzi huo, alisema kwamba hizo ni taarifa za ndani za gereji.

Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme wa majumbani na mtu ninayemwamini sana, amejitolea kuifungua betri ili atafute sehemu iliyoharibika. Nyumbani wengine wanasema tuliuze gari kwa bei ya chuma chakavu tupumzike. Je, nikubali kubadilisha betri, nimwachie shemeji kazi hiyo, nitafute gereji nyingine, au niachane na gari hili? Na je, nina madai yoyote juu ya gereji iliyoniambia kwamba tatizo ni la kawaida wakati dhamana ikiwa hai?

Wako,
Msomaji Aliyekwama Gereji

JIBU

Ndugu yangu,

Pole sana. Umezieleza dalili kwa mpangilio mzuri, na mpangilio huo unanipa nafasi ya kukujibu kwa undani. Umeambiwa ubadilishe kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote vilivyomo garini, na hujaonyeshwa kipimo hata kimoja. Huenda meneja yuko sahihi. Betri huchakaa, na baada ya miaka 10 si ajabu ikafika mwisho wake. Lakini dalili ulizozitaja zinanifanya niamini kwamba gari lako lina hitilafu tatu zilizo mbali mbali, na kwamba gereji imezirundika pamoja na kuzipa jina moja. Usilipie betri yoyote mpaka kila hitilafu imepimwa peke yake na matokeo yameandikwa.

Nianze na iliyo nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo iliyokutisha zaidi. Mbali na betri yake kubwa, gari la umeme lina betri ndogo ya volti 12, ambayo katika magari ya umri wa lako kwa kawaida ni ya risasi na asidi, sawa na ile ya gari la mafuta. Betri hiyo ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta za gari na kuzivuta swichi kubwa za usalama zinazoiunganisha betri kuu na mfumo mzima. Ikidhoofika, gari haliwaki hata kama betri kuu imejaa. Kompyuta zikipata umeme pungufu hushindwa kuwasiliana, na kila moja huandika hitilafu yake, ya breki, ya usukani, ya mfumo wa umeme, bila kifaa chochote kati ya hivyo kuwa kimeharibika. Gari linalokaa majuma mengi bila kuwashwa, huku milango ikifunguliwa na mashine ya kupimia ikichomekwa na kuachwa, huimaliza betri hiyo kwa urahisi, na betri ya aina hiyo ikiishiwa kabisa mara kadhaa hairudii uwezo wake wa awali.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu wa umeme mkubwa. Ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 12.2 maana yake imebaki na nusu ya chaji au pungufu. Gari likiwa limewashwa, kifaa kinachoushusha umeme wa betri kuu ili kuichaji hii ndogo kinapaswa kuifikisha kati ya volti 13 na 14.5 hivi. Waambie waipime pia kwa kuibebesha mzigo, na kama ni dhaifu ibadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Misimbo yote ya hitilafu iliyomo kwenye kompyuta ichapishwe kwanza, ndipo ifutwe, kisha itazamwe ni ipi inayorudi baada ya siku chache za kuendesha. Nasisitiza kuchapisha kabla ya kufuta, kwa sababu pamoja na msimbo kompyuta nyingi huhifadhi hali ya gari ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: chaji, joto, mwendo. Zikifutwa, ushahidi wako umekwenda nazo.

Hitilafu ya pili ni ya kuchaji, na hapa umeshajifanyia uchunguzi nusu. Umeme wa nyumbani ni wa AC, yaani mkondo unaogeuka mwelekeo kila mara, na betri hupokea umeme wa DC peke yake, yaani mkondo wa mwelekeo mmoja. Kwa hiyo ndani ya gari kuna chaja inayoubadilisha. Chaja ya kasi, kwa upande wake, hufanya mabadiliko hayo nje ya gari na kuupeleka umeme wa DC moja kwa moja kwenye betri bila kupitia ile chaja ya ndani. Gari linalokataa umeme wa nyumbani na kukubali wa chaja ya kasi linakuambia kwamba betri kuu inapokea chaji, na kwamba kasoro iko kwenye njia ya AC: waya wa kuchajia, tundu la kuchomekea, kihisio cha joto au kufuli ya tundu hilo, au chaja ya ndani yenyewe. Kubadilisha betri kuu hakutakuondolea tatizo hili. Ungelipa gharama yote uliyotajiwa, kisha ungerudi nyumbani, uchomeke waya, na taa izimike vile vile.

Kabla ya kurudi kwa fundi, jaribu waya mwingine na tundu jingine la AC, mahali palipo na umeme unaoaminika. Ikiwa gari litachaji huko, tatizo ni la waya au la umeme wa nyumba yako, na huyo shemeji yako ndiye mtu hasa wa kulishughulikia. Likikataa kila mahali, chaja ya ndani inahitaji kupimwa. Gereji nyingi huibadilisha nzima, lakini mafundi wa elektroniki za umeme mkubwa mara nyingi huifungua na kubadilisha fyuzi, kapasita au rilei iliyoungua, na kwa gari la umri wa lako hiyo ndiyo njia ambayo ningeiulizia kwanza.

Sasa tuje kwenye betri kuu, ambayo ndiyo inayostahili muda wako. Betri hiyo ni mkusanyiko wa seli nyingi za lithiamu-ioni, kila moja ikitoa wastani wa volti 3.7 hivi. Katika magari mengi yenye mfumo unaoitwa wa volti 400, makundi 96 hivi ya seli hupangwa kwa mfuatano, mpaka jumla inafika volti 350 na zaidi. Kwa kuwa zimepangwa kwa mfuatano, mkondo ule ule hupita katika kila kundi, na kundi moja likishuka chini ya kiwango cha usalama, kompyuta ya betri hulazimika kupunguza nguvu za gari zima hata kama makundi mengine yote bado yana chaji. Ni kama watu wanaopanda mlima wakiwa wamefungwa kamba moja: mwendo wa wote ni mwendo wa aliyechoka zaidi.

Uzee wa kawaida wa betri hauji hivyo. Betri iliyochakaa kwa usawa hupunguza umbali wa safari kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na namba kwenye dashibodi hushuka haraka kuliko zamani lakini kwa utaratibu unaoweza kuukadiria. Namba inayoporomoka ghafla gari likibebeshwa mzigo wa kilima, kisha ikapanda tena gari likipumzika, huelekeza kwenye kundi moja au machache ya seli yaliyodhoofika kuliko wenzake. Si uthibitisho, kwa sababu hata kiunganishi kilicholegea au kihisio kibovu kinaweza kuleta sura inayofanana na hiyo, lakini ni dalili ya kutosha kumfanya fundi makini atafute kundi hilo kabla ya kuihukumu betri yote.

Kwa nini basi waliandika kwamba hakuna hitilafu? Sababu moja ninayoiona kuwa na uzito ni namna walivyopima. Volti ya seli ya lithiamu hubadilika kidogo tu chaji inapokuwa katikati, na hushuka kwa kasi inapokaribia kwisha. Gari likipimwa likiwa limeegeshwa na chaji ya asilimia 60 au 70, kundi dhaifu hujificha miongoni mwa wenzake, na mashine huonyesha seli zote zikiwa karibu sawa. Kwa hiyo kipimo kilichofanywa gereji, gari likiwa limesimama, kinaweza kuwa kimefanywa kwa uaminifu na bado kisikueleze chochote juu ya kile kinachotokea kilimani.

Omba vipimo vifanywe katika hali ile ile inayoleta tatizo. Lifikishe gari gereji likiwa na chaji ya asilimia 35 au chini kidogo, uliza kama unaweza kupanda pamoja na fundi, na mwendeshe kwenye mwinuko huku mashine ikiwa imechomekwa na kurekodi. Mambo ya kuandikwa ni afya ya betri kwa asilimia ya uwezo wake wa awali, volti ya kundi lililo juu kabisa na la chini kabisa gari likiwa limesimama, volti hizo hizo gari likiwa linavuta kwa nguvu, joto la betri, na namba ya kundi lililoshuka zaidi. Katika betri yenye afya tofauti hiyo, gari likiwa limesimama, ni ya milivolti chache hadi makumi machache. Ikiwa kilimani kundi lile lile linashuka mamia ya milivolti chini ya wenzake kila mara, umempata mgonjwa, na anajulikana kwa namba.

Vipimo hivyo si siri ya gereji. Ni taarifa za gari lako, na kama umelipa ada ya ukaguzi, matokeo ya ukaguzi ndiyo bidhaa uliyoinunua. Duniani sheria zinaanza kulitambua hilo: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka, tangu Agosti 2024, mnunuzi wa betri ya gari la umeme apewe uwezo wa kusoma taarifa za afya yake kutoka kwenye kompyuta ya betri, na katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani wapiga kura waliidhinisha mwaka 2012, na tena mwaka 2020, kwamba wenye magari na gereji huru wapate taarifa za kutengenezea magari. Sheria hizo zina mipaka yake na huenda hazilifikii gari lako. Nazitaja ili ujue kwamba unapoomba vipimo huombi hisani.

Kwa hiyo usiombe kwa mdomo tena. Mwandikie meneja barua fupi, na ningependekeza iwe ya namna hii: “Naomba nipewe nakala ya misimbo yote ya hitilafu iliyosomwa kwenye gari langu katika ukaguzi wote mlionitoza, pamoja na vipimo vya afya ya betri na volti za seli vilivyotumika kuamua kwamba betri nzima ibadilishwe. Kama vipimo vya seli havikufanywa gari likiwa na chaji ndogo na likiwa katika mwendo, naomba vifanywe sasa bila ada nyingine, kwa kuwa tatizo ni lile nililoliripoti tangu mwanzo. Naomba pia kuelezwa kwa maandishi jinsi betri kuu inavyohusiana na gari kukataa chaji ya AC huku likikubali chaja ya kasi.” Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu gereji itakayojaribu kulijibu italazimika kuzitenganisha hitilafu. Tuma nakala kwa idara ya huduma kwa wateja ya kampuni iliyotengeneza gari, maana gereji iliyoidhinishwa hutumia jina la kampuni hiyo na kwa kawaida hulinda idhini yake.

Kuhusu dhamana, usikate tamaa haraka. Dhamana ya betri iliyozoeleka kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na wengi huahidi kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70 katika kipindi hicho. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa juu ya uimara wa betri za magari, iliyopitishwa mwaka 2022, nayo imeweka viwango vya asilimia 80 kwa miaka 5 au kilomita 100,000 na asilimia 70 kwa miaka 8 au kilomita 160,000. Gari lako limevuka umri huo. Lakini wewe uliripoti tatizo dhamana ikiwa hai, na karatasi ya kazi ipo. Karatasi hiyo ndiyo mali yako kubwa katika shauri hili, hata kama imeandikwa kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana, kwa sababu inathibitisha tarehe, kilomita na maelezo uliyoyatoa. Itafute, itoe nakala, na kama huna, waombe waitoe kwenye kumbukumbu zao kwa namba ya gari.

Soma maneno ya dhamana yenyewe uone yanavyosema juu ya kasoro iliyoripotiwa kabla ya muda kwisha. Angalia pia kama inahusu kasoro za vifaa au upungufu wa uwezo peke yake, maana hayo ni mambo mawili, na seli iliyokufa kabla ya wenzake ni kasoro ya kifaa, hata kama betri kwa jumla bado iko juu ya asilimia 70. Kama maneno yanakuruhusu, dai lako liwe wazi: tatizo liliripotiwa ndani ya muda, halikupimwa katika hali iliyoelezwa, na limeendelea bila kukatika mpaka leo. Hata pale ambapo dhamana haitoi jibu la moja kwa moja, kampuni nyingine hukubali kubeba sehemu ya gharama zikiona mteja ana kumbukumbu kamili. Wakikataa, mamlaka ya kulinda walaji ya mahali ulipo itataka kuona karatasi hizo hizo. Na usisahau kuulizia, kwa namba ya chasisi, kama gari lako limo katika wito wowote wa marekebisho ya usalama, kwa kuwa hayo kwa kawaida hufanywa bila malipo hata dhamana ikiwa imekwisha.

Sasa shemeji yako. Naomba unielewe vizuri, kwa sababu simdharau hata kidogo: mwambie asante, lakini betri asiifungue. Ujuzi wa umeme wa majumbani ni ujuzi wa kweli, ila msingi wake mkubwa wa usalama ni kwamba fundi anaweza kuzima umeme kwanza. Seli za betri hazizimiki. Ukiondoa plagi ya usalama unaikata betri vipande viwili, lakini kila kipande kinaweza kubaki na volti zinazokaribia 200, na kila moduli (fungu la seli zilizofungwa pamoja) utakayoigusa ndani iko hai. Umeme wa DC nao una ukali wake: cheche ya AC hupata nafasi ya kuzimika kwa sababu mkondo hupita sifuri mara nyingi kila sekunde, lakini cheche ya DC huendelea kuwaka kadiri chuma kinavyotengana. Bisibisi ikianguka juu ya vituo viwili vya seli inaweza kuyeyuka, na seli ikitobolewa huweza kuanzisha moto ambao kifaa cha kuzimia moto cha nyumbani hakitaumudu. Katika jambo hili sina nafasi ya kulegeza.

Hilo pia linanifanya niwe mwadilifu kwa gereji yako upande mmoja. Kumsubiri fundi mwenye ruhusa si uzembe. Ni vizuri kwamba hawakumpa kazi hiyo mtu asiyefunzwa. Vilevile, miongozo ya watengenezaji wengi humwelekeza fundi abadilishe kifaa kizima badala ya kukifungua, kwa hiyo meneja anaweza kuwa anafuata maagizo aliyopewa bila hila yoyote. Kosa lao ni kukutoza ada ya ukaguzi bila kukupa ukaguzi, na kukwambia kwamba dawa ni moja wakati ukweli ni kwamba wao wanauza moja.

Tafuta basi gereji huru inayofungua betri na kutengeneza kwa kiwango cha moduli, na uihoji kabla ya kuiachia ufunguo. Waulize wanavaa glavu za aina gani: jibu unalotaka ni glavu za mpira za umeme za daraja 0, zinazovumilia hadi volti 1,000, na zenye tarehe ya kupimwa upya, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila miezi 6. Waulize wanasubiri muda gani baada ya kuondoa plagi ya usalama kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, ambazo ni za umeme mkubwa. Kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, za inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota) huhitaji muda wa kujimwaga, na miongozo mingi hutaja dakika kadhaa, wakati mwingine 10 au zaidi. Anayekujibu kwamba huanza mara moja, muage. Waulize pia kama, baada ya kusubiri, huhakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme. Fundi mzuri hujibu maswali haya kwa furaha.

Vipimo vikionyesha moduli moja au mbili mbovu, na afya ya betri kwa jumla ikiwa asilimia 70 au zaidi, mimi ningetengeneza moduli hizo bila kusita sana. Moduli ya kuwekwa lazima iwe ya aina ile ile, yenye uwezo unaokaribiana na wa wenzake, na isawazishwe volti kabla ya kuunganishwa; moduli mpya kabisa ndani ya betri iliyozeeka haikupi faida unayoilipia, kwa sababu itafungwa na uwezo wa zile zilizochakaa. Ufahamu kwamba moduli zilizobaki zina umri ule ule na nyingine inaweza kufuata baadaye, kwa hiyo dai dhamana ya kazi kwa maandishi. Ikiwa betri nzima imeshuka sana, tuseme asilimia 60 au chini, kubadilisha moduli moja ni kununua muda mfupi tu, na hapo ulizia betri iliyotumika kutoka kwenye gari lililopata ajali. Dai kipimo cha afya yake kabla ya kulipa, tarehe ya kutengenezwa, na uhakika kwamba gereji ina programu ya kuisajili kwenye kompyuta ya gari lako, kwa sababu katika baadhi ya magari betri isiyosajiliwa haitaliwasha gari. Betri mpya kwa gharama inayozidi thamani ya gari nisingeikubali, labda kama kampuni itabeba sehemu kubwa.

Wala usiliuze sasa kama chuma chakavu. Hata betri iliyochoka ina thamani, kwa kuwa seli zake nzima hutumika kuhifadhi umeme wa jua majumbani na madini yake hurejelezwa. Ukibadilisha betri, mapatano yaseme wazi nani atakayebaki na ile ya zamani. Gari lenye ripoti inayosema ni moduli ipi mbovu huuzwa vizuri kuliko gari ambalo mnunuzi anaambiwa tu kwamba betri imekufa.

Wakati unasubiri, jitahidi usiishushe chaji chini ya asilimia 40, panda vilima taratibu, na usilazimishe nguvu gari likijipunguza. Ukipata tundu la AC linalokubaliwa, lichaji polepole hadi lijae mara moja moja, kwa sababu katika magari mengi kompyuta ya betri husawazisha seli chaji ikikaribia juu. Punguza kutumia chaja ya kasi mfululizo betri ikiwa na joto. Ukisikia harufu kali ya kemikali au mvumo kutoka chini ya gari, au ukiona moshi, shuka, sogea mbali, na waite zimamoto. Usirudi kuchukua kitu chochote.

Anza na betri ya volti 12 na barua kwa meneja, vyote katika juma hili. Majibu yakija, niandikie afya ya betri kwa asilimia, namba ya kundi lililoshuka zaidi na tofauti ya volti iliyorekodiwa kilimani, nami nitakuambia kama naona kazi ya moduli au ya betri nzima.

Mshauri